Wanamichezo wenye ulemavu wa akili: Afya kwanza, medali baadaye

MASHINDANO ya michezo ya watu wenye ulemavu wa akili yana sura yake ya pekee. Anayemaliza wa mwisho hupigiwa makofi sawa na aliyetangulia, na hakuna mshiriki wa fainali anayerudi nyumbani bila medali au utepe kifuani.

Nyuma ya shangwe hizo, hata hivyo, kuna maswali ambayo kwa miaka mingi hayakuulizwa. Je, mkimbiaji huyo anauona vizuri mstari wa kumalizia mbio? Anaisikia filimbi ya mwamuzi? Viatu alivyovaa ni vya saizi yake? Hana jino bovu linalomnyima usingizi, ambalo hajui namna ya kulieleza?

Madaktari walipoanza kuuliza maswali hayo na kuwapima wanamichezo hao pembezoni mwa viwanja, walikuta mengi ambayo familia na walimu hawakuyajua. Wengi walikuwa na matatizo ya kawaida kabisa, yanayotibika kwa gharama ndogo, lakini yaliyoachwa miaka nenda miaka rudi kwa sababu hakuna aliyeyatafuta.

Hapo ndipo ilipopata nguvu hoja kwamba mpango wa michezo kwa watu wenye ulemavu wa akili hauwezi kuwa wa mazoezi na mashindano peke yake. Unapaswa kumwangalia mwanamichezo mzima, yaani mwili wake, chakula chake, utulivu wa nafsi yake na usalama wake, ndani na nje ya uwanja.

Ulemavu, si ugonjwa

Ulemavu wa akili ni hali ambayo uwezo wa mtu wa kujifunza, kufikiri na kutatua matatizo uko chini kwa kiasi kikubwa ukilinganishwa na wa watu wa rika lake. Mtu huyo pia hupata shida katika stadi za maisha ya kila siku, kama vile kuwasiliana, kujihudumia, kutumia fedha au kusafiri peke yake. Hali hiyo hujitokeza kabla ya mtu kufikia utu uzima.

Aghalabu watu huichanganya na ugonjwa wa akili. Hayo ni mambo mawili tofauti. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na mara nyingi hutibika. Ulemavu wa akili si maradhi ya kuponywa kwa dawa, bali ni hali ya maisha ambayo mtu anaweza kuishi nayo vizuri akipata malezi, elimu na msaada unaomfaa.

Visababishi ni vingi. Wapo wanaozaliwa na sindromu ya Down, inayotokana na kuwapo kwa kromosomu ya ziada ya namba 21. Wengine huathirika kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa homa ya uti wa mgongo, kwa malaria iliyopanda kichwani, au kwa mama kukosa madini joto ya kutosha wakati wa ujauzito. Kwa wengine chanzo hakijulikani kabisa.

Inakadiriwa kuwa kati ya asilimia 1 na 3 ya watu duniani wana ulemavu wa akili. Kwa mji wenye wakazi milioni moja, hao ni watu kati ya 10,000 na 30,000. Idadi hiyo haionekani mitaani wala katika vyumba vya kungojea daktari, na sababu mojawapo ni kwamba wengi wao hukaa ndani.

Kutoka uani hadi uwanjani

Historia ya michezo hiyo ilianza nyumbani. Mwaka 1962, Eunice Kennedy Shriver, ambaye alikuwa dada wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alianzisha kambi ya michezo ya watoto wenye ulemavu wa akili katika eneo la nyumba yake jimboni Maryland. Dada yao, Rosemary, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa na ulemavu huo.

Wakati ule wengi waliamini kuwa watoto wa namna hiyo hawawezi kuogelea, kukimbia wala kufuata kanuni za mchezo. Kambi ile ilionesha kinyume chake. Julai 20, 1968, michezo ya kwanza ya kimataifa ilifanyika katika uwanja wa Soldier Field mjini Chicago, ikiwakutanisha wanamichezo wapatao 1,000 kutoka Marekani na Kanada.

Shirika lililozaliwa siku hizo, Special Olympics, ambalo kwa Kiswahili huitwa Olimpiki Maalumu, leo lina matawi katika mabara yote. Michezo yake ya dunia ya majira ya joto ilitoka nje ya Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 2003, ilipofanyika Dublin, Ireland. Ile ya Abu Dhabi mwaka 2019 ilihudhuriwa na wanamichezo zaidi ya 7,000, na mwaka 2023 michezo hiyo ilifanyika Berlin, Ujerumani.

Kanuni zake hutofautiana na za mashindano mengine. Washiriki hupangwa katika makundi kwa kuzingatia jinsia, umri na uwezo, ili mtu ashindane na anayelingana naye. Mwongozo uliotumika kwa miaka mingi unasema kuwa ndani ya kundi moja tofauti kati ya mwenye matokeo bora na mwenye matokeo ya chini isizidi takribani asilimia 15.

Kwa mpangilio huo ushindi una maana kwa kila mmoja. Hata hivyo, uwezo wa mtu hauwezi kupimwa kwa haki iwapo macho yake hayaoni au miguu yake inamuuma. Shirika lenyewe lilichukua muda kulitambua hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, daktari wa meno wa Boston, Steven Perlman, ambaye Rosemary alikuwa mmoja wa wagonjwa wake, alianza kuwapima meno wanamichezo hao. Katika michezo ya dunia ya mwaka 1995 iliyofanyika New Haven, jimbo la Connecticut, vipimo vya macho na meno viliwakuta baadhi ya washiriki wakiwa na maumivu makali au magonjwa yaliyohitaji matibabu ya haraka. Hao ni watu waliokuwa wamesafiri, wakavaa jezi na kujiandaa kushindana, pasipo mtu kujua kuwa wanaumwa.

Mwaka 1997 shirika hilo lilianzisha rasmi mpango wa afya wa wanamichezo, unaotoa vipimo bila malipo katika mashindano. Tangu wakati huo vipimo zaidi ya milioni mbili vimefanyika katika nchi mbalimbali duniani.

Maradhi yanayojificha nyuma ya ulemavu

Swali la kujiuliza ni kwa nini maradhi ya watu hao hayaonekani mapema. Sababu ya kwanza ni mawasiliano. Mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kuhisi maumivu sawa na mwingine yeyote, lakini akakosa maneno ya kueleza ni wapi panauma, tangu lini na kwa kiasi gani.

Badala ya maneno, maumivu yake hujitokeza kwa mwenendo. Anaweza kukataa chakula, kujipiga kichwani, kulia bila sababu inayoonekana, kuwa mkali kwa wenzake, au kuacha ghafla mchezo alioupenda.

Sababu ya pili ni kwamba anayemtazama, awe mzazi, mwalimu au daktari, huliona jambo hilo kuwa sehemu ya ulemavu wake. Kijana anayejipiga shavuni huambiwa kuwa ndivyo alivyo, kumbe ana jino lililotoboka. Msichana asiyeitika anapoitwa huhesabiwa kuwa mzito wa kuelewa, kumbe masikio yake yameziba kwa nta.

Wataalamu wa afya wamelizungumzia tatizo hilo tangu miaka ya 1980: ulemavu hutia kivuli juu ya ugonjwa, na daktari akaona kivuli tu.

Madhara yake ni makubwa. Nchini Uingereza, uchunguzi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Bristol na kutolewa mwaka 2013 ulichambua vifo vya watu 247 wenye ulemavu wa akili. Ulibaini kuwa wanaume wa kundi hilo walifariki dunia wakiwa na umri mdogo kwa miaka 13 kuliko wanaume wengine, na wanawake kwa miaka 20. Zaidi ya theluthi moja ya vifo hivyo vingeweza kuepukwa kama huduma nzuri ya afya ingepatikana.

Ikumbukwe kuwa hiyo ni nchi ambayo wananchi wake hutibiwa bila kulipa mlangoni mwa hospitali. Tatizo halikuwa uhaba wa fedha peke yake, bali pia kutosikilizwa, kucheleweshewa uchunguzi na kukosa mtu wa kufuatilia.

Kinachopimwa uwanjani

Mpango wa afya wa wanamichezo hao hugusa maeneo kadhaa, na kila eneo lina mbinu zilizorekebishwa ili zimfae mtu asiyeweza kusoma au kujieleza vizuri.

Kwenye macho, herufi za ukutani hubadilishwa na michoro rahisi, kama nyumba na tufaha, na anayepimwa huweza kujibu kwa kuonesha mchoro unaofanana na huo. Anayehitaji miwani hupimiwa na kutengenezewa. Wapo waliopata miwani yao ya kwanza wakiwa tayari watu wazima.

Kwenye masikio, hatua ya kwanza ni kuangalia kama njia ya sikio iko wazi. Kisha hutumika kifaa kidogo kinachotoa mlio na kunasa mwangwi unaorudi kutoka ndani ya sikio, hivyo anayepimwa hahitaji kusema chochote wala kuinua mkono. Vipimo vya miaka mingi vimeonesha kuwa takribani robo ya wanamichezo hushindwa kipimo cha awali cha usikivu.

Madaktari wa meno hutazama meno yaliyotoboka, fizi zinazotoka damu na vidonda vya kinywani. Pamoja na hayo hufundisha namna ya kupiga mswaki, na humfundisha pia mzazi au mlezi anayemsaidia mwanamichezo kazi hiyo kila siku.

Wataalamu wa tiba ya viungo hupima unyumbukaji, nguvu, mizani ya mwili na pumzi. Vipimo vyao si vya mashine kubwa. Mwanamichezo huombwa kuinuka na kuketi kitini mara 10 huku muda ukihesabiwa, au kusimama kwa mguu mmoja. Anayeyumba sana hupewa mazoezi ya kumkinga asianguke.

Miguu nayo hupewa nafasi yake. Nyayo bapa, kucha zilizoingia ndani ya nyama, fangasi na viatu visivyo vya saizi ni mambo yanayoonekana madogo, lakini humfanya mtu ashindwe mbio ambazo angezimudu.

Eneo jingine huhusu uzito, shinikizo la damu, uimara wa mifupa na mafunzo ya lishe. Lipo pia eneo la uchunguzi wa jumla wa afya kabla ya mtu kuruhusiwa kucheza, na eneo la afya ya nafsi.

Faida haimwendei mwanamichezo peke yake. Madaktari na wanafunzi wa udaktari wanaojitolea katika vipimo hivyo hujifunza kuzungumza na mtu mwenye ulemavu wa akili moja kwa moja, badala ya kuzungumza na aliyemsindikiza. Kwa wengi wao hilo ni somo ambalo hawakulipata darasani.

Yampasayo kocha kuyajua

Kocha wa wanamichezo hao anahitaji kujua zaidi ya kanuni za mchezo. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo. Aliyegundulika mapema na kutibiwa anaweza kucheza kwa maelekezo ya daktari, lakini ambaye hajawahi kupimwa hapaswi kusukumwa kwenye mazoezi mazito.

Shingo ni jambo jingine. Kati ya watu 10 wenye sindromu ya Down, mmoja au wawili huwa na ulegevu kati ya pingili mbili za juu kabisa za shingo. Wengi hawaoni dalili yoyote, lakini pigo au mkunjo wa ghafla wa shingo unaweza kuumiza uti wa mgongo.

Kwa ajili hiyo, mwanamichezo mwenye tatizo hilo hashauriwi kupiga mpira kwa kichwa, kupiga mbizi, kuruka juu, kuogelea kwa mtindo wa kipepeo au kufanya sarakasi. Akianza kulalamikia shingo, kubadilika mwendo, kulegea mikono au miguu, au kushindwa kuzuia haja ndogo, asimamishwe mazoezi na kupelekwa hospitali bila kuchelewa.

Kifafa pia ni cha kawaida katika kundi hilo, kikimpata takribani mtu mmoja kati ya watano. Hakiwi sababu ya kumzuia mtu kucheza, mradi anatumia dawa zake ipasavyo. Lakini akiwa kwenye maji, lazima awepo mtu mzima anayemtazama yeye tu, bila kazi nyingine. Akianguka, alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, wala asitiwe kijiko au kitu chochote mdomoni. Degedege likizidi dakika tano, apelekwe hospitali.

Dawa zenyewe zina athari zake. Baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini, huweza kusababisha fizi kuvimba, na zikitumiwa miaka mingi huweza kupunguza uimara wa mifupa. Nyingine, pamoja na baadhi ya dawa za kutuliza akili, huongeza uzito. Dawa isiachwe bila ushauri wa daktari, ila kocha na mzazi wanaojua hayo watasisitiza mswaki, mazoezi na chakula bora.

Katika miji yenye joto kama Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, maji ya kunywa ni sehemu ya mazoezi. Wapo wanamichezo wasioweza kusema kuwa wana kiu. Kocha asisubiri kuombwa, bali aweke vipindi maalumu vya kunywa maji na kupumzika kivulini.

Chakula nyumbani, si uwanjani tu

Uchunguzi katika nchi nyingi umeonesha kuwa unene wa kupindukia huwapata zaidi watu wazima wenye ulemavu wa akili kuliko watu wengine. Sababu kubwa ni maisha ya kukaa. Mtoto asiyepelekwa shule, asiyetumwa dukani na asiyeruhusiwa kucheza na wenzake barabarani, hukua akiwa ameketi.

Mapenzi ya familia nayo huchangia. Soda, biskuti na chipsi hutolewa kama njia ya kumtuliza au kumfariji, hata zikawa chakula cha kila siku.

Upande wa pili wapo wanaokosa chakula cha kutosha. Baadhi ya watoto wenye ulemavu hupata shida ya kutafuna na kumeza, na katika nyumba zenye uhaba, anayekula polepole hukuta sahani imeshamalizwa.

Ushauri wa lishe unaotolewa viwanjani hauna budi kuendana na jiko la nyumbani. Hauhitaji vyakula vya dukani vyenye majina ya kigeni. Ugali wa dona, maharage, mchicha, dagaa, papai na maji safi vinatosha kumjenga mwanamichezo, ikiwa vitaliwa kwa kiasi na kwa wakati.

Utulivu wa nafsi na usalama

Watu wenye ulemavu wa akili huhuzunika, huogopa na hupatwa na sonona kama watu wengine, na wakati mwingine zaidi yao. Wengi wamekua wakiitwa mataahira na mazuzu, wakichekwa darasani na kuachwa nyuma kwenye sherehe za ukoo.

Mchezo husaidia kwa sababu humpa mtu jina, jezi, ratiba na marafiki. Lakini mashindano yenyewe huweza kumtia hofu mtu asiyezoea kelele na umati. Ndiyo maana wanamichezo hufundishwa mbinu nyepesi za kujituliza, kama vile kuvuta pumzi ndefu, kunyoosha viungo, kusikiliza muziki, au kumtaja mtu mmoja wanayeweza kumwendea wakiwa na hofu.

Jambo zito zaidi ni usalama. Uchambuzi wa tafiti uliogharimiwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2012 ulionesha kuwa watoto wenye ulemavu wa akili, pamoja na wenye matatizo ya akili, wako katika hatari ya kufanyiwa ukatili wa kingono mara 4.6 zaidi ya watoto wasio na ulemavu.

Mtoto aliyezoea kuvalishwa, kuogeshwa na kuamriwa na kila mtu mzima anaweza asijue kuwa ana haki ya kukataa kuguswa. Kwa hiyo mpango wa michezo unaojali afya hufundisha mambo hayo waziwazi, kwa picha na maigizo. Huweka pia kanuni kwamba mtu mzima mmoja asibaki peke yake na mwanamichezo katika chumba cha kubadilishia nguo au safarini.

Mfano wa Loretta Claiborne

Mmarekani Loretta Claiborne, aliyezaliwa mwaka 1953, ni miongoni mwa wanamichezo wanaotajwa sana katika historia ya Olimpiki Maalumu. Alizaliwa akiwa na ulemavu wa akili na uoni hafifu, na hakuweza kutembea wala kuzungumza hadi alipofikisha umri wa miaka minne.

Baadaye alikuja kukimbia mbio za marathoni zaidi ya 20, zikiwamo za Boston, na mwaka 1996 alitunukiwa tuzo ya ujasiri ya Arthur Ashe. Amekuwa pia msemaji wa wenzake katika majukwaa ya kimataifa.

Simulizi yake hutajwa kama ushindi wa moyo wa mtu. Ni kweli, lakini lipo jambo jingine ndani yake: kabla ya kukimbia, macho na miguu yake ilihitaji madaktari. Wapo wengi wenye moyo kama wake ambao hawakupata nafasi ya kutibiwa.

Kipimo bila tiba ni kazi bure

Changamoto kubwa ya vipimo vya viwanjani ni kile kinachofuata. Mwanamichezo anayepewa karatasi isemayo kuwa ana tatizo la moyo, kisha akarudi kijijini pasipo daktari, nauli wala mtu wa kumpeleka, hajasaidiwa. Huenda familia ikabaki na wasiwasi tu.

Kwa kutambua hilo, tangu mwaka 2012 Olimpiki Maalumu imekuwa ikiendesha mpango mwingine unaolenga jamii, ili huduma zipatikane mwaka mzima na wagonjwa waliopewa rufaa wafuatiliwe. Malawi ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizotangulia kuingia katika mpango huo.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, misingi ya kisheria ipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu uliopitishwa mwaka 2006 unataja haki ya afya katika ibara ya 25 na haki ya kushiriki michezo katika ibara ya 30. Kenya iliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na mwaka 2023 ikatunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Wataalamu nao wapo, ingawa hawatoshi. Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha huandaa walimu wa elimu maalumu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha madaktari wa binadamu na wa meno, na mjini Moshi, KCMC imekuwa ikiandaa wataalamu wa tiba ya viungo. Vitengo vya wanafunzi wenye ulemavu wa akili vipo katika shule kadhaa za msingi mijini, na watoto hao wana siku zao za michezo.

Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuwakutanisha. Siku moja ya michezo katika kiwanja cha shule inaweza kuwa pia siku ya kupima macho, meno na masikio, iwapo mwalimu mkuu atawasiliana mapema na mganga mkuu wa wilaya na chuo kilicho jirani. Vifaa vinavyohitajika ni tochi, mizani, mashine ya shinikizo la damu na michoro ya kupimia macho.

Hatua ya pili ni daftari. Kila mwanamichezo awe na daftari la afya linaloandikwa uzito wake, dawa anazotumia, mzio wake, namba ya simu ya mlezi, tatizo lililogunduliwa, mahali alipopelekwa na tarehe ya kurudi. Kocha alipitie daftari hilo kila mwanzo wa msimu, kama anavyopitia orodha ya timu yake.

Hatua ya tatu ni kumhusisha mwanamichezo mwenyewe. Aambiwe kwa lugha nyepesi kile kinachofanyika, aoneshwe kifaa kabla hakijamgusa, na aulizwe anavyojisikia. Aliyefundishwa kuonesha kwa kidole mahali panapouma amepata kinga itakayomfaa maisha yake yote.

Wajibu wa wazazi na jamii

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wapo wazazi ambao bado huwafungia watoto wao ndani kwa kuhofia macho na maneno ya majirani. Mtoto aliyefichwa hakosi michezo peke yake. Hukosa pia chanjo, vipimo na jicho la mtu mwingine ambaye angegundua kuwa haoni vizuri.

Majirani nao wana sehemu yao. Mzazi hutoka na mtoto wake pale anapojua kuwa hatachekwa kituo cha daladala wala kunong'onwa kwenye foleni ya zahanati. Michezo inayowachanganya vijana wenye ulemavu na wasio nao katika timu moja imeonesha njia nzuri ya kulijenga hilo, kwa kuwa waliocheza pamoja huanza pia kusalimiana mtaani.

Vilabu, shule na wafadhili wanaoandaa mashindano ya kundi hilo wanapaswa kubadili namna wanavyopima mafanikio. Sambamba na idadi ya medali, ripoti ya mwisho wa msimu ieleze ni wanamichezo wangapi walipimwa, wangapi walikutwa na tatizo, na wangapi kati yao walitibiwa. Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo itakayoonesha kama mpango umewafikia watu waliokusudiwa.